Tulivyompata Mwenye Taa

Jumapili, 14 Februari 1954

Nimefua tangu asubuhi. Maji ya bomba yakakatika nikiwa na povu mpaka viwikoni. Safu nzima ya landi za reli, vyumba vya wafanyakazi, bomba moja, na kila mama ana nepi zake. Barasa hayupo. Injini yao imeenda Kisumu. Mume wangu ni fayamani, kazi yake ni moto na maji ya injini. Nyumbani hata jiko hawashi.

Mama Atieno wa chumba cha pili ameniletea samaki. Alikuwa amemfunga kwa gazeti. Nikamtoa samaki nikasoma gazeti. Mimi nasoma kila kitu, hata karatasi ya sabuni. Ilikuwa hadithi, imechanika juu na chini. Msichana anaitwa Sereya. Ameshuka chini ya ziwa, ziwa letu hili la magadi, akakuta mji. Langoni kila anayeingia anaacha sauti yake ndani ya kibuyu. Ndege wekundu wanalinda vibuyu. Ndani watu wanauziana, wanaoana, wanazikana, wote kimya. Sereya ameingia kutafuta sauti ya mama yake.

Samaki akaungua. Nimekula hivyo hivyo.

Alhamisi, 18 Februari

Siwezi kutoa yule msichana kichwani. Nimemuuliza Mama Atieno gazeti alitoa wapi. Sokoni, kwa wauza maharagwe. Nikaenda. Nimejifanya nanunua maharagwe, kumbe nachagua karatasi. Muuzaji ameniona mwenda wazimu.

Nimepata vipande vitatu. Ni gazeti dogo la Kiswahili, linachapwa hapa hapa mjini kwa Bwana Kanji, Mhindi wa barabara ya stesheni. Chini ya hadithi kuna jina: Mwenye Taa. Sijawahi kulisikia. Si jina la mtu.

Jumapili, 28 Februari

Sasa tunanunua gazeti jipya, hatusubiri la kufungia samaki. Nilikuwa namsomea Barasa mlangoni. Yeye hasomi. Alikuwa anapaka viatu mafuta, kiatu kile kile, mpaka hadithi ikaisha. Kumbe Mama Atieno amesimama nyuma ya kamba ya nguo anasikiliza. Kando yake Wambui, mke wa mfagiaji wa stesheni, na beseni lake la viazi kichwani. Hakulitua.

Wameniambia nianze tena kutoka mwanzo. Nimeanza.

Jumapili, 7 Machi

Leo mlango ulijaa. Wengine wamekuja na vigoda. Kabla ya kusoma wakabishana kuhusu Mwenye Taa. Mama Atieno anasema lazima ni mtu wa pwani, watu wa pwani ndio wenye Kiswahili. Barasa anasema ni padri. Mtu mwingine akasema ni Mzungu amejificha, tukamcheka.

Mimi nasema ni wa hapa. Ameandika jinsi chumvi nyeupe ya ufukweni inavyovunjika chini ya mguu, na tope jeusi linavyopanda katikati ya vidole. Mtu hawezi kujua hilo akiwa Mombasa. Amekanyaga pale bila viatu.

Wambui hakubishana. Alisema tu, "Huyu ni mtu aliyenyamazishwa." Tukaliacha hilo, tukasoma.

Nimefurahi sana leo. Naandika hili kwa sababu si kawaida yangu.

Jumatatu, 15 Machi

Wambui ameondolewa. Askari walikuja asubuhi na lori. Wakikuyu wote wa safu ya nyuma, wanawake na watoto. Wanapelekwa kwenye hifadhi yao, wanasema, huko Nyeri. Wambui alizaliwa Kuresoi. Nyeri hajawahi kuiona hata kwa macho. Mume wake alikuwa kazini, ameambiwa atafuata.

Alibeba beseni na blanketi. Nilisimama na mtoto wa jirani mkononi. Askari mmoja aliniangalia nikaangalia chini.

Najichukia.

Jumapili, 21 Machi

Tumesoma. Nafasi ya Wambui mlangoni hakuna aliyeikalia. Hatukupanga hivyo.

Sereya amekipata kibuyu cha mama yake. Sasa ana vibuyu viwili, chake na cha mama. Bawabu wa lango ana uso wa ndege. Anamwambia: kimoja kitatoka, kimoja kitabaki, chagua kabla jua halijagusa maji. Kisha maneno yale mabaya: Itaendelea.

Mama Atieno amepiga paja akatukana. Barasa amesema atamwacha mama. Mimi sijui. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo, sauti yake siikumbuki hata kidogo. Ningekuwa mimi ningeshindwa kutoka pale.

Jumapili, 28 Machi

Hakuna hadithi. Mahali pake wameweka tangazo la dawa ya minyoo. Watu wameketi kidogo, wakainuka.

Jumapili, 4 Aprili

Hakuna tena. Mama Atieno ananilaumu mimi, kana kwamba nimeificha chini ya kitanda.

Jumanne, 6 Aprili

Nimeenda kwa Bwana Kanji. Nilivaa gauni la kanisani. Mashine zilikuwa zinapiga kelele, akanitoa nje uani ndipo tukasikizana. Mzee mwembamba, vidole vyeusi vya wino. Nikamuuliza Mwenye Taa amekuwaje.

Akaniuliza, "Wewe nani yake?"

Nikasema mimi si kitu. Mimi ni msomaji.

Alifuta vidole kwa kitambaa. Halafu akasema, "Mama, mwaka na zaidi nachapa hii hadithi. Wewe mtu wa kwanza kuja kuuliza."

Akaniambia yote kwa sauti ya chini. Jina lake ni Njuguna. Alikuwa mwalimu. Shule yao ilifungwa Hali ya Hatari ilipotangazwa, akaenda kupima maua ya pareto kwenye shamba la mzungu huko Mau Narok. Kila mwisho wa mwezi alishuka na hadithi zake. Mwezi uliopita hakushuka. Shamba lote limezolewa. Yuko kambi ya waya, nje ya mji, anangoja kuchujwa, nani amekula kiapo na nani hakula.

"Si unaweza kumsemea?" nikamuuliza. "Wewe ni tajiri, una mashine."

Akanionyesha mlango wa kutokea. "Mimi pia wananiangalia, mama. Nenda nyumbani."

Nimerudi kwa miguu. Nilikuwa nimekisia sawa, ni wa hapa. Sijafurahi hata kidogo.

Alhamisi, 8 Aprili

Nimeenda kambi ya waya. Sikumwambia Barasa. Nilibeba viazi vya kuchemsha na chai kwenye chupa. Ni uwanja mtupu, waya wa miiba, mahema, wanaume wamechuchumaa kwa mistari juani. Mbele yao kuna mtu amefunikwa gunia kutoka kichwani hadi magotini, lina matundu mawili ya macho. Wanapitishwa mmoja mmoja. Gunia likitikisa kichwa, mtu anavutwa upande mmoja. Lisipotikisa, anakwenda upande wa pili. Hakuna anayesema neno.

Nilijaribu kumtambua. Upumbavu. Sijui hata kama ni mrefu au mfupi. Nilikuwa nimejiwekea sura yake, ndevu kidogo, miwani. Wote pale walikuwa wamenyolewa, na vumbi lile lile. Kila mmoja angeweza kuwa yeye.

Askari wa langoni ni kijana wa kwetu, Mbukusu, nimemjua kwa matamshi. Nikamwamkia kwa lugha yetu. Nikamwambia chakula hiki ni cha Mwalimu Njuguna. Akaniuliza kibali changu cha kukaa landi, akakisoma, akanirudishia.

"Dada," akasema, "wewe si wao. Unatafuta nini kwa hawa?"

Ningemwambia nini? Kwamba kuna msichana amekwama langoni chini ya ziwa?

Chai aliimwaga mbele yangu. Viazi amekula.

Jumamosi, 10 Aprili

Mchungaji amenisikiliza akiwa amesimama. Amesema Serikali haimshiki mtu bure. Nikamuuliza, na Wambui je, alifanya nini? Amesema nimwombee. Pia amesema hadithi za majini na miji ya chini ya maji hazifai nyumba ya Mkristo.

Nimemwombea. Haikunisaidia.

Jumapili, 11 Aprili

Nimewaambia wa mlangoni. Si yote. Jina lake, kazi yake, na mahali alipo. Watu wawili wameinuka papo hapo wakaenda, wanaogopa. Siwalaumu. Mama Atieno ameuliza kama alikuwa amekwisha kuandika mwisho kabla hajakamatwa. Nikasema Bwana Kanji hana chochote. Basi akaomba niubuni mimi, kwani si najua kuandika.

Nimejaribu mchana kutwa. Sereya ananikalia mkononi kama mti. Kila ninaloandika ni langu, yeye hayumo. Nimechana.

Barasa amenikasirikia kwa sababu ya kambi. Ameambiwa na mtu. Amesema wakimfukuza reli tutalala wapi. Ana haki. Hakula.

Jumapili, 18 Aprili

Pasaka. Tumeimba. Hakuna kusoma.

Jumatatu, 19 Aprili

Barasa ameitwa kwa safari ya kesho. Si zamu yake. Treni maalumu, karani hakumwambia inabeba nini. Watu wa gudshedi, ghala la mizigo, wanajua: mabehewa yamefungwa waya madirishani. Ni wale wa kambi, waliotikisiwa kichwa. Wanapelekwa Nairobi, halafu kambi za mbali huko chini.

Amekaa kitandani na kofia mkononi. Nikamwambia agome, aseme anaumwa. Amesema wakimkosa yeye watamchukua fayamani mwingine, na treni itaondoka saa ile ile.

Ni kweli. Hilo ndilo baya.

Jumanne, 20 Aprili

Imeondoka. Hatukuruhusiwa kufika stesheni. Tumeisikia kutoka hapa uani, inapanda kuelekea Gilgil, nzito, inavuta pumzi. Mama Atieno alishika kamba ya nguo mpaka imenyamaza.

Moto ule anauangalia mume wangu.

Alhamisi, 22 Aprili

Barasa amerudi asubuhi. Ameoga, amekunywa uji, amekaa. Nilidhani hatasema. Kisha akasema. Naandika kama alivyosema, nisisahau.

Walisimama Naivasha injini inywe maji. Bomba la maji ni kazi yake. Akalifunga kwenye tangi, akafungua, maji yakaanza kuingia. Behewa la kwanza lilikuwa karibu, karibu kama ukuta huu na ule. Vidole vilikuwa vimetoka kwenye waya wa dirisha. Askari walikuwa upande wa pili, kwenye kivuli, wanavuta sigara. Basi akaita, si kwa nguvu: "Mwenye Taa yumo?"

Anasema vidole viliingia ndani. Waliogopa, walidhani ni mtego.

Akaita tena. Akasema, "Nauliza Sereya. Alichagua kibuyu gani?"

Halafu sauti moja, ya chini, kavu, kutoka huko nyuma ya wengine. Haikujibu swali. Iliuliza, "Kwani kuna mtu anasoma?"

Barasa amefungua mdomo kujibu. Tangi likajaa, maji yakafurika, dereva akapiga kelele afunge. Akageuka kufunga. Alipogeuka tena askari wamefika, mmoja anapiga behewa kwa kitako cha bunduki, mwingine anamwuliza anaongea na nani. Akasema anaongea na bomba.

Mpaka Nairobi hakupata nafasi nyingine. Huko walishushwa mbali na injini, wawili wawili, wamefungwa pamoja. Hakujua ni yupi.

Alipomaliza aliniuliza, "Nilifanya vibaya?" Nikasema hapana. Nikaenda nje kuanika shuka iliyokuwa imekwisha kukauka.

Ijumaa, 23 Aprili

Nimerudi kwa Bwana Kanji kumwambia. Alisikiliza, akaenda ndani, mashine zikaanza.

Jumapili, 25 Aprili

Mvua ya asubuhi imekatika. Walikuja bila kuitwa. Mama Atieno na kigoda chake, wengine wachache. Nikawaambia hakuna hadithi, wakaketi. Mama Atieno akasema nisome chochote kilichomo.

Mahali pa Mwenye Taa wameandika kuhusu ugonjwa wa viazi. Jinsi doa linavyoanza pembeni ya jani, na kwamba la kufanya ni kung'oa mapema na kuchoma. Nikasoma polepole. Walisikiliza kama ni kitu kikubwa. Mtu mmoja akauliza kama vya Mau Narok navyo vimepatwa. Sikujua.

Nilikuwa bado nasoma Barasa akasema, macho yakiwa chini kwenye mikono yake, "Ningemwambia ndiyo. Ningemwambia tuko wengi, hatuenei mlangoni."

Mama Atieno alimsogezea kikombe cha chai.

Nikatafuta mstari nilipoachia, nikaendelea.