Wifi Yangu wa Alhamisi

Kijijini, tarehe 9 Machi

Kaka Metodi,

Mama alitufunza kwamba barua haianzi bila kumjulia mtu hali, kwa hiyo nakuuliza: hujambo? Mgongo umepoa, au lori bado linakutesa? Na huyo mwenzio unayeishi naye huko Zaragoza, Hispania, hajambo? Mimi mwilini ni mzima. Theluji imeyeyuka, paa la upande wako linavuja, na mcheri wa nyuma ya nyumba umekauka tawi moja. Hizo ndizo habari njema. Zilizobaki zisome ukiwa umekaa.

Uliniletea ujumbe kwenye simu ukiuliza kama ni kweli Rumyana anaumwa, au ni vituko vyake vya kukwepa kusaini talaka. Niliusoma nikiwa nimeketi kando yake, sindano iko mshipani mwake. Ningeweza kukujibu kwa neno moja, lakini nimeamua kukujibu yote. Mengine huyajui, na moja halijui mtu yeyote wa ukoo wetu.

Ni kweli anaumwa. Ni saratani ya titi, na imekwisha kufika mifupani.

Unajua tulivyokuwa. Tangu uondoke, miaka tisa, mimi na wifi yangu tumeishi katika nyumba ya mama iliyogawanywa kwa ukuta, lango moja, kisima kimoja, na hatukuamkiana. Akianika nguo, nami nilifagia vumbi. Akichoma pilipili za kuweka akiba ya majira ya baridi, nilifunga madirisha kwa kishindo ili asikie. Nilijiona nina haki. Si wewe uliyenipigia simu ukilia, ukaniambia umemwita akufuate naye akakataa, akasema hawezi kulala kitanda kimoja na mtu anayenuka dizeli? Siku ile nilimfuta moyoni.

Septemba simu yangu ikaita. Alikuwa sista Zlatka wa wodi ya saratani, hospitali ya mjini, mwenye sauti ya mtu anayeita mbuzi mlimani. Akaniuliza kama mimi ni ndugu yake Rumyana. Nikamwambia hapana.

"Basi, dada, ndugu usiye ndugu, jina lililoandikwa hapa ni lako," akasema. "Dripu ya kwanza simpi mtu asiye na msindikizaji. Njoo. Kama ni kugombana, mtagombana huku huku."

Nilikwenda kwa hasira, nikitaka jina langu lifutwe. Nikamkuta Rumyana kwenye kiti cha dirishani, mwembamba kama ufagio, amepaka rangi ya mdomo. Sijafungua kinywa, akaniwahi: "Usijipendekeze, wifi. Fomu ilitaka jina la mtu wa karibu. Ningemwandika mbwa, ila hajui kupokea simu."

"Ungemwandika mumeo," nikamwambia.

"Kaka unaye wewe. Mimi mume sina."

Wagonjwa waliokuwa kwenye viti vingine wakacheka mpaka mmoja akang'oa plasta. Zlatka akanisukumia kigoda, akanipa beseni la kutapikia, akasema kazi yangu ndiyo hiyo na maneno nimwachie mgonjwa. Nikakaa. Hata leo sijui kwa nini nilikaa.

Chumba kile, Metodi, hakifanani na unavyokidhani. Wako wanawake waliopona, na kila Alhamisi wanakuja na supu ya kuku na vitambaa vya kichwa. Wanakaa na wagonjwa, wanawafundisha kuchora nyusi, wanawaambia wazi ni siku ya ngapi kinywa kitaota vidonda na ule nini kikiota. Mmoja wao alinishika mkono akaniambia hata msindikizaji ana haki ya kulia. Nikamjibu sikuja kulia. Rumyana akadakia kwamba niachwe, mimi hulia siki.

Ikawa hivyo Alhamisi baada ya Alhamisi. Basi la saa kumi na mbili asubuhi, damu inapimwa, tunasubiri majibu. Siku nyingine damu imeshuka, Zlatka anaturudisha nyumbani, na Rumyana ananisingizia mbele ya abiria kwamba nimemnyonya njiani. Siku nyingine anatapika mpaka kijani, mimi nimeshika beseni, naye kati ya tapiko na tapiko ananiambia nimelishika vibaya kama nilivyoshika kila kitu maishani. Nami sikumnyamazia. Nilimwambia ana bahati ugonjwa umeshika titi, maana ulimi wake hakuna dawa ingeuweza.

Nywele zilipoanza kubaki kwenye mto, aligonga mlango wangu kwa mara ya kwanza katika miaka tisa. Alikuwa na ile mashine ya kunyolea uliyoiacha.

"Nyoa," akasema. "Tangu siku ya harusi unatamani kuninyoa."

Nilimnyoa jikoni kwangu. Ana kovu nyuma ya sikio. Akaniambia alilipata siku alipoanguka ngazini akishusha sanduku la nguo. Nikamuuliza sanduku la kwenda wapi. Akacheka kicheko kibaya.

"La kumfuata huyo kaka yako. Lilikaa mlangoni miezi mitatu nikisubiri simu. Hakunipigia. Alikupigia wewe."

Sikumwamini. Nikatoka nikaenda kukata kuni zisizohitaji kukatwa. Usiku ule nilikuandikia nikakuuliza, nawe ukanijibu kwamba hayo ni ya zamani na tuyaache. Basi nikajua. Mtu aliyesingiziwa hasemi tuyaache.

Karatasi zako za talaka zilipofika Desemba nilimpelekea mwenyewe. Alizisoma zote, akaomba kalamu, akachora ua ukingoni, akanirudishia. Akasema nikwambie kwamba hana nafasi, ana kazi ya kuumwa. Nilizitia jikoni kwenye droo ya visu. Ziko huko. Ukizitaka, njoo uzifuate.

Sasa nifike pale nilipokuwa napakwepa.

Februari daktari alituita tukiwa wawili. Alikuwa kijana mpole, akaweka picha kwenye taa, akatuonyesha mgongo na nyonga. Akamuuliza Rumyana kama aliwahi kupimwa matiti. Akasema uvimbe kama ule, ungepimwa miaka mitatu nyuma, ungekutwa mdogo kama punje ya dengu, ungekatwa, na leo pengine angekuwa anachoma pilipili nyumbani kwake.

Rumyana akajibu polepole, bila kejeli, na hapo ndipo alipoanza kunitisha. Akasema masika ya mwaka ule gari la vipimo lilipokuja uwanja wa shule, wanawake wote wa mtaa waliletewa barua za wito, yeye hakuletewa. Akadhani hospitali imemruka. Aliona haya kwenda kuuliza, maana kijiji kizima kilikuwa kikimsema ni mke aliyeachwa, akahofia foleni nzima imgeukie. Akajiambia labda wanaoitwa ni wenye waume.

Mimi nilikuwa nimeshika koti lake.

Kaka, hospitali haikumruka. Barua ilikuja. Tarishi hutia barua zote kwenye sanduku langu kwa kuwa lango ni moja, nami huziweka kwenye ngazi yake bila kusema neno. Siku hiyo zilikuja mbili, yangu na yake. Yangu nilikuwa nimeifungua, nilijua ni ya nini. Ulikuwa umenipigia simu asubuhi ile ile, umeniambia kwamba Rumyana anakutukana kwa watu. Nikaichukua yake nikaitia katika jiko la kuni, nikasimama nikaitazama ikijikunja. Kisha tarehe yangu ilipofika nikavaa vizuri, nikaenda, nikapimwa, nikaambiwa niko salama. Nilipita mbele ya dirisha lake kwenda na kurudi.

Uwongo ulikuwa wako. Mkono ulikuwa wangu. Sikuandikii ili tugawane lawama.

Nilimwambia Alhamisi iliyofuata, dripu ikiwa nusu. Nilisema kwa sauti ndogo lakini chumba kile hakina siri. Hakunipigia kelele. Alitazama dripu mpaka tone la mwisho, kisha akamwita Zlatka, akamwambia, "Mtoe huyu." Zlatka akanitoa, akanisimamisha ukumbini, akaniambia kwamba katika miaka ishirini na sita ya wodi hiyo ameona mengi, ila angeomba asiwe amelisikia hili. Kwenye basi Rumyana alikaa mbele, mimi nyuma. Mlango wake ulifungwa wiki mbili. Alhamisi mbili alipanda basi peke yake, na beseni lake mwenyewe ndani ya mkoba.

Juzi Jumatano jioni akagonga. Alikuwa amefura uso kwa dawa na ameshikilia ukuta.

"Kesho saa kumi na mbili," akasema. "Usichelewe."

Nikaanza kumshukuru. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Usijidanganye, Stoyanka. Sijakusamehe na sina mpango. Ila nimefikiri: nikikufukuza, utakaa humo ndani ukijililia, watu watakuhurumia, utapona. Mimi sitaki upone. Utakuja, utashika beseni, utatazama kila kitu. Mpaka mwisho."

Jana nilikwenda. Nilishika beseni. Wale wanawake wa supu walimpa yeye bakuli, mimi hawakunipa, na walifanya haki. Alinitukana mara moja tu siku nzima, kwa kuwa hana nguvu.

Daktari anasema labda mwaka, labda zaidi kidogo. Naomba kila siku iwe zaidi, na sijui kama ninamwombea yeye au ninajiombea mimi.

Mimi sina salamu za kukuletea kutoka kwa mtu yeyote, maana hakuna aliyenituma. Jifunike vizuri ukilala ndani ya lori. Na kama bado una neno lolote la kumwambia mkeo, liandike upesi, uweke jina lake juu ya bahasha. Safari hii barua itamfikia.

Dada yako,
Stoyanka