Mwanga wa Jirani

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe, shemeji na watoto, na kwamba goti la Mama limepata nafuu. Mimi mwili hauna neno, ila uchovu umenishika, naamka nimeshachoka.

Uliniuliza kwenye simu kazi yangu ni nini hasa, nikakujibu kwa mkato. Nisamehe. Zamani sana, ulimwengu ulipokuwa mchanga, nafasi kati ya galaksi ilijaa haidrojeni, kila atomu na elektroni yake, na gesi hiyo ilimeza mionzi ya urujuanimno. Nyota za mwanzo zilipowaka, mionzi yake ikaanza kuzing'oa elektroni hizo. Kila galaksi ikasafisha eneo lake, maeneo yakapanuka hadi yakakutana, na leo karibu haidrojeni yote ya huko imevuliwa elektroni. Ubishi uliobaki ni galaksi zipi, kubwa au ndogo, zilifanya kazi hiyo, maana nyingi humeza mionzi yake kabla haijatoka nje. Kwa hiyo tunatafuta zinazovuja, zinazofanana na zile za mwanzo. Ofisini tunaziita pakacha. Usicheke, hata Profesa, bosi wangu, hulitamka mbele ya wageni kwa uso mkavu.

Mwaka jana nikapata pakacha langu, dogo, hafifu, linavuja kupita yote. Profesa alisema hatimaye wadogo wamepata wakili. Hadi gazetini nikatokea, na nilitembea kwenye korido zile kifua mbele, nakwambia.

Wiki iliyopita zikaja picha za darubini kali zaidi. Palipokuwa na doa moja sasa palikuwa na mawili. Mbele ya pakacha langu, kwenye mstari uleule wa macho, imekaa galaksi nyingine iliyo karibu nasi zaidi, na mionzi niliyoipima ni yake. Pakacha langu halivuji hata tone. Muda wote huo nilikuwa nasifia mwanga wa jirani.

Nilipomwonyesha Profesa, alifunga mlango, akaniambia kwa upole kwamba mkataba wangu unajadiliwa mwezi huu, kwamba hakuna atakayelichungulia doa lile kabla ya hapo, na kwamba nisijichimbie kaburi. Sikumchukia, ana vibarua vya watu wengi kichwani. Nilimjibu kwamba nitafikiria.

Dada, sikufikiria. Jana nililiandikia jarida lililochapisha utafiti wetu kwamba matokeo yetu si sahihi, na leo asubuhi Profesa akaniarifu, bila kuniangalia usoni, kwamba mkataba hautaongezwa. Nimelia, sikufichi. Narudi nyumbani mwisho wa mwezi.

Mama sijamwambia. Nasikia ile picha yangu ya gazetini ameitia fremu sebuleni, na kila mgeni lazima asomewe habari yote. Naomba umweleze wewe, taratibu, aiondoe kabla sijafika. Akikataa, usishindane naye. Nitakaa kwenye kiti kinachoipa mgongo.

Nibusie watoto, msalimie shemeji, na wewe pokea salamu zilizobaki zote.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba