Skrubu Nne za Redio ya Pijo

Temeke, Dar es Salaam

Mwanangu Bwire,

Salamu zangu zikufikie hapo Bukima, wewe na mke wako na wajukuu zangu. Mmeamkaje? Mvua imenyesha? Ule mguu wa mke wako umepona au bado anaukokota? Sisi huku wazima. Dada yako Nyangeta anakwenda kiwandani kila siku, mimi nalea watoto wake, nakula samaki wa baharini asiye na ladha, nasema asante. Magoti yananiuma, lakini hayo si ya kukuandikia.

Barua hii naandika mwenyewe, kwa herufi zangu za kisomo cha watu wazima, hizi kubwa kama mihogo. Binti wa Nyangeta alitaka kuniandikia nikamfukuza. Neno lenyewe halipiti mkononi mwa mtu mwingine. Kaa chini, soma mpaka mwisho. Ukiichana katikati utajuta.

Juzi alikuja Mafuru, shemeji ya Nyangeta, yule wa Bunda. Kaniambia Masatu, yule rafiki yako wa zamani, yuko kitandani kwa mama yake pale Bunda, amekwisha, amebaki macho. Anakuulizia wewe tu. Kaniambia na jibu ulilowapa waliokuja kukuita: "Aniletee kwanza redio yangu."

Bwire, redio yako hakuichukua Masatu. Niliichukua mimi.

Soma tena hapo. Mimi, mama yako.

Huku njia ya sokoni vijana wamepanga redio za magari chini kwenye turubai, kama nyanya. Hakuna anayeuliza risiti. Askari anapita, anainama, anauliza bei! Wiki iliyopita nilisimama nikamwangalia mmoja anatoboa mlango wa gari aweke spika, vumbi la bati usoni, ulimi nje, nikawaona nyinyi wawili. Akaniuliza, "Bibi, una gari?" Nikamwambia, "Lilikuwepo, na mafundi wangu walikuwa bora kuliko wewe. Wewe unakata mlango kama unachinja." Wenzake wakacheka wakashika mbavu. Mimi niliondoka nalia.

Unaikumbuka Pijo, lile gari la marehemu mjomba wako la kupeleka sato Musoma? Sabuni hakuna, chumvi ya kupimiana kwa kijiko, petroli ya kubahatisha, na nyinyi mnataka muziki! Redio ilitoka ng'ambo ya Sirari ndani ya gunia la mtama. Spika mlizing'oa kwenye redio ya mezani iliyokufa ya mwalimu mmoja wa Nyegina. Maboksi mkayatengeneza kwa mbao za kichwa cha kitanda changu. Niliporudi kutoka shamba nikakuta na kitenge changu cha kanisani, kimoja nilichokuwa nacho, mmekikata mkafunika spika. Niliwakimbiza na mwiko mpaka ziwani. Masatu maji yamemfika shingoni bado anapiga kelele, "Mama, sauti nzuri inataka nguo nzuri!" Mshenzi yule. Jumapili mkapita mbele ya kanisa, milango ya gari inatetemeka, wanawake wanaulizana, "Kile si kitenge cha Nyabise?" Nilikuwa nimevaa gauni la shamba, lakini siku ile hakuna aliyekuwa na kichwa kikubwa kama mimi. Mlikuwaga mnakula sahani moja, mnalala mkeka mmoja. Wageni walidhani nimezaa mapacha.

Ndipo ukaja msako wa walanguzi. Ukikutwa na kitu hakina risiti, unapakiwa kwenye gari la polisi. Jirani yetu alitupa vitenge vyake ziwani akabaki anavilia. Wewe ulikuwa Butiama kwenye msiba wa shangazi yako, umekwenda na baiskeli, gari limelala nyumbani halina petroli. Nikasikia askari wameingia kijiji cha pili. Nikachukua bisibisi yako.

Niliwaangalia mkiifungua na kuifunga ile redio mara ngapi? Niliijua kama kufuli ya mlango wangu. Nikafungua skrubu nne, nikachomoa nyaya taratibu bila kukata hata moja, nikazifunga ncha kwa vitambaa kama mlivyokuwaga mnafunga, ili ukirudi uirudishe bila tabu. Redio na spika zake nikatia kwenye mfuko wa mbolea nikazika zizini, kona ya ndama. Ng'ombe wakaingia, wakakanyaga, alama ikafa. Askari atapekua dari, atapekua ghala, lakini ng'ombe anapolala hachimbi. Walikuja, hawakupata kitu, wakahamia nyumba nyingine.

Ulirudi ukapita kwenye gari kabla ya kuingia ndani. Nilikuwa natoka kisimani, ndoo kichwani, nikakusikia unasema peke yako, "Huyu si mwizi wa kawaida. Nyaya zimefungwa. Hii kazi ni ya Masatu." Ukashika spana ya magurudumu ukatoka mbio. Nilikuita mara moja. Mara moja tu, Bwire, na si kwa sauti kubwa, maana askari walikuwa bado hawajavuka kijiji. Nilifikiri mtagombana kidogo, jioni nitakueleza. Nilipofika kwao Masatu nikakuta damu inamtoka sikioni.

Upole wangu kwenye zile nyaya ndio uliomfunga. Mwizi angekata.

Msako ulipokwisha, miezi imeshapita, nilifukua. Mkojo wa ng'ombe ulikuwa umekula chuma, na karatasi za spika zimekuwa uji pamoja na kitenge changu. Nikajiuliza, nitasemaje kwamba sikio la mtoto wa watu limekufa kwa ajili ya uji? Nikafukia tena. Kwanza niliogopa askari, halafu nikakuogopa wewe, mwisho nikaogopa miaka niliyonyamaza, imekuwa mingi.

Sikiliza na hili. Nilipokuwa nakuja huku nilishuka Bunda nikamtafuta. Amekaa sokoni anatengeneza redio za watu, ameinamisha kichwa upande mmoja kama kuku anayesikiliza. Nikaanza kusema, akanikatiza. "Mama, nilijua siku ile ile. Asubuhi nilikuja kwako kuomba chumvi, ukanipa kikopo nichote mwenyewe. Skrubu nne zilikuwa mle." Nikamwuliza, "Sasa kwa nini ulikubali kupigwa?" Akasema, "Angekuchukia wewe. Rafiki atapata mwingine." Akaninunulia soda. Nikamwahidi nitakuandikia nikifika. Huu ni mwaka wa tatu.

Sasa fanya hivi. Chimba kona ya ndama, urefu wa mkono. Kitakachotoka, hata kama ni kutu tupu, kipeleke Bunda leo hii, usingoje kesho. Kiweke mbele ya mama yake Masatu, mwambie, mwizi ni mama yangu. Usinitetee. Ukikuta wanalia, kiweke hivyo hivyo mbele ya waombolezaji, useme kwa sauti asikie na aliye mbali. Mimi nitafuata, hata kwa kuuza kanga zangu. Ukitaka usiniite mama tena, haki yako. Lakini kwanza nenda.

Skrubu zenyewe ninazo. Nilizibeba mpaka huku, sijui kwa nini. Nimezifunga kwenye kitambaa ndani ya bahasha hii, zihesabu.

Nisalimie mkeo, mwambie mguu aukande kwa maji ya moto asijifanye jasiri. Nisalimie baba yako mdogo, yule wa mitumbwi, na wifi yangu wa Nyakato ambaye bado ana sufuria yangu. Wajukuu wabusu mmoja mmoja. Nyangeta anakusalimu, naye hajui nilichoandika.

Ukimkuta hai, kaa upande wake wa kulia ndipo useme. Upande wa kushoto hasikii.

Mimi niliyekuzaa,
Nyabise