Nilivyowashukuru Wanaohamisha Mashine

Jumatatu, 2 Oktoba

Barua imekuja. Nene, ya rangi, ina picha ya bibi mmoja anacheka. Sijui anacheka nini. Upande mmoja Kiwelshi, upande mwingine Kiingereza. Nimesoma wa kwanza, nikageuza, nikasoma wa pili. Pande zote mbili nimetoka mikono mitupu. Shule niliacha nina miaka kumi na minne, lakini kusoma najua, na barua hii haikuandikwa isomwe.

Mjukuu wangu Siwan kapita akitoka kazini, ndiye kanifafanulia. Idara ya afya inataka kuziondoa mashine za kusafisha damu hospitalini kwetu. Zote sita. Ziende hospitali kubwa, ng'ambo ya mlima. Na eti wanatuomba maoni. Tuchague A, B au C. A: zihame mwezi wa nne. B: zihame mwezi wa tisa. C: zihame kidogo kidogo.

"Na la kubaki liko wapi?"

"Halimo, Bibi."

Mume wangu Idwal huungwa kwenye mashine hizo kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nne nzima. Mwaka wa tatu huu. Figo zake hazifanyi kazi tena. Bila mashine hamalizi wiki mbili. Sasa hivi ni dakika saba kwa gari la jirani. Kule ni saa moja na nusu kwenda, na kurudi vilevile, kwa barabara ya Bwlch, ile inayokatiza juu ya mlima. Theluji ikianguka barabara inafungwa. Kondoo wakiamua kulala katikati, inafungwa pia.

Yeye kaitazama picha tu. "Huyu mama ana meno mazuri," kasema. Mwanamume huyu!

Alhamisi, 12 Oktoba

Mlangoni pa duka wenye barua wameweka meza. Binti kavaa beji, ana ubao na vibandiko vya duara. Kijani umefurahi, njano uko katikati, nyekundu hukufurahi.

"Bandika unavyojisikia, mama."

Nikamwambia ninavyojisikia hakuenei kwenye kibandiko. Nesta, jirani yangu, ndiye mwenye gari la kumpeleka Idwal, nilikuwa naye. Kachukua karatasi nzima ya vyekundu, kaanza kubandika kimoja kimoja, taratibu, kama anapamba keki. Binti anamwambia ni kimoja kwa kila mtu. Nesta kamjibu, "Hivi ni vya watu waliolala hospitalini, hawawezi kuja dukani." Kafika cha kumi na saba ndipo ubao ukaondolewa.

Jumanne, 17 Oktoba

Mkutano, ukumbi wa kanisa. Ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Wanawake tulioka mkate wa zabibu, maana mgeni hata akija kukuibia hanywi chai kavu hapa kwetu. Maofisa wawili. Mkubwa anaitwa Bwana Prosser, ana viatu vya mtu asiyetembea. Alituonyesha michoro ya mishale ukutani nusu saa nzima.

Mzee mmoja mfugaji akamuuliza, "Wewe umewahi kupita Bwlch mwezi wa kwanza?"

"Njia hiyo naijua."

"Unaijua vipi?"

"Tuliipima kwenye ramani."

"Siku hiyo ramani ilikuwa na barafu?"

Watu walicheka mpaka sahani zikatikisika. Nikasimama mimi. Nikasema: mume wangu ana miaka sabini na tisa, akitoka kwenye mashine hawezi kushika kijiko, anatapika, anatetemeka. Huko juu mlimani, ndani ya gari na wagonjwa wenzake, nani atamshika? Bwana Prosser akasema ni swali zuri sana na litaandikwa. Mwenzake akaandika. Nilimwona.

Mwisho mwenyekiti akasimama, kama kawaida, akasema sasa Marged Pugh atatoa neno la shukrani. Mimi ndiye mtoa shukrani wa ukumbi ule mwaka wa thelathini huu. Nimeshukuru kwaya, nimeshukuru bwana wa nyuki, nimeshukuru mtu aliyetuonyesha picha za likizo yake saa mbili. Nikasimama. Ulimi ukaenda wenyewe. Kwa niaba ya mji mzima tunawashukuru wageni wetu kwa kuja kutoka mbali, kwa maelezo yao ya wazi, na karibuni tena. Nesta akaunga mkono. Makofi. Wakafungiwa mkate uliobaki, wakaenda nao.

Nimerudi nyumbani kichwa juu. Idwal kasema niliongea vizuri.

Jumatatu, 6 Novemba

Kumbukumbu za mkutano zimetoka. Siwan kanisomea kwenye simu. Nimemwambia arudie. Karudia.

"Swali kuhusu usafiri liliulizwa." Hilo ndilo swali langu! Kijiko hakimo, kutapika hakumo, Idwal hayumo.

Halafu mwisho: "Bi Marged Pugh, kwa niaba ya mji mzima, aliwashukuru maofisa kwa maelezo yao ya wazi na kuwakaribisha tena. Bi Nesta Rowlands aliunga mkono. Wote walipiga makofi."

Jina langu lote, halikukosewa hata herufi. Nesta nimempigia kumwambia na lake limo. Mji mzima tulikuwamo mle ndani na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Mimi mwenyewe nilirudi kwa maringo.

Jumanne, 7 Novemba

Nimepiga simu ofisini kwa Bwana Prosser. Muziki dakika arobaini. Kisha binti mmoja kapokea.

Nikamweleza kwamba ile ni adabu tu, hapa tungemshukuru hata mtu aliyekuja kutuvunjia nyumba, alimradi amekaa mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mama ungependa kuondoa shukrani?"

"Ndiyo. Zote."

Kaenda kuuliza. Karudi. "Samahani, mama, tunayo fomu ya kuongeza maoni. Ya kuondoa hatuna."

Nikamwambia asante. Nikakata simu. Asante! Nimerudia tena!

Alhamisi, 9 Novemba

Tunamenya viazi. Idwal kasema, bila kuinua macho, "Marged, Bwlch mimi sipandi."

"Utapanda utake usitake."

"Mara tatu kwa wiki, kutwa nzima. Maisha yaliyobaki yote yataishia garini. Mimi nataka kukaa hapa."

"Ukikaa hapa utakufa, mjinga wewe."

"Najua."

Kaendelea kumenya. Nimeosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Ijumaa, 24 Novemba

Barua nyingine, nyembamba. Maoni yetu bado yanachambuliwa, uamuzi haujafanyika. Ila manesi hawatoshi, basi kuanzia Jumatatu tarehe nne mwezi ujao, wagonjwa wote watapelekwa ng'ambo kwa muda. Kwa muda! Posta yetu ilifungwa kwa muda, leo ndani yake wananyoa mbwa.

Wanatushukuru kwa ushirikiano.

Nimemfuata Delyth, nesi wa mashine, kule chini hospitalini. Nimemwambia asinipake mafuta.

"Akikosa siku moja atavimba miguu," kasema. "Akikosa wiki, Bi Pugh, mwite mchungaji."

Nimempa Idwal maneno hayo kama yalivyo. Kauliza kama kuna jibini.

Jumatatu, 4 Desemba

Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Gari limefika, taa zinamulika jikoni kote.

Idwal kaamka kabla yangu. Yuko mezani, kavaa kofia. Koti hakuvaa. Nimepiga magoti kumvalisha viatu. Mguu mmoja kaniachia. Wa pili kaurudisha chini ya kiti, kama mtoto.

Dereva kaingia, mtu mpole, kafuta miguu mlangoni. Kasema hamharakishi mtu, ila kuna wagonjwa wawili wanamngoja huko mbele, na Bwlch kuna ukungu. Anaweza kusubiri dakika tano.

"Walitaka maoni," Idwal kamwambia, kwa upole tu. "Haya ndiyo yangu."

Dereva kanitazama mimi. Wote wawili wananitazama mimi niseme. Mtoa shukrani! Leo ulimi umekataa. Nilitaka kumtukana Idwal, nikashindwa. Nilitaka kumbembeleza, sijui hufanywaje, miaka hamsini na mitatu sijawahi.

Nimechukua daftari nimekuja dirishani, nimewapa mgongo, naandika nimesimama ili asinione uso. Dereva katoka kuwasha injini. Dakika tatu sasa. Nne.

Kiti cha Idwal kimesogea, kasimama; kwenda garini au kurudi kitandani, sijui. Sijageuka.