Tano za Kila Mwaka

Goba, Jumapili asubuhi

Kaka Khalfani,

Shikamoo. Natumai barua hii imekukuta mzima, na homa ya wifi Zubeda imeshapoa huko Mbezi Beach. Sie tunamshukuru Mola. Mume wangu Jabiri hajambo, wapwa zako wanakuamkia. Nimeandika kwa sababu kwenye simu hunaga subira, ungenikatisha.

Kaka, nina uchungu na leo nautoa. Unakikumbuka kikao cha mama, siku ya Idd, sebuleni kwako. Daktari alikuwa ametuambia mshipa wa kichwani mwa mama umetuna, na kwamba katika wagonjwa mia wa namna ile, kila mwaka watano hupasukiwa. Upasuaji nao, katika mia, kumi hawatoki salama. Wewe ukasema tano ni ndogo kuliko kumi, mama asikatwe. Mdogo wetu Farhan alipouliza hizo tano ni za muda gani, ukamwambia asilete ubishi wa barazani, ukafunga kikao kwa Fatiha. Hee! Fatiha ikishasomwa nani atafungua mdomo? Tukaitikia amina, tukala biriani.

Mwaka wa kwanza mama akapita, ukajisifu. Wa pili akapita, ukajisifu zaidi. Wa tatu mshipa ukapasuka akiwa anaanika nguo, hata kutamka kalima hakuwahi. Msibani ukawaambia watu ni kudra. Kudra naikubali, lakini hesabu ilikuwa yako. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu; sie tulilisikia, na aliyevunjika ni mama.

Mwezi uliopita nilimuuliza daktari mwenyewe. Akanieleza taratibu kwamba hatari ya kisu unaipita mara moja, ukitoka umetoka. Zile tano zinarudi kila mwaka kwa waliobaki, na katika miaka kumi karibu arobaini katika mia wanakuwa wameshapasukiwa. Mama alikuwa na miaka hamsini na minane tu, kaka.

Utajiuliza kwa daktari nilifuata nini. Kichwa. Nimepigwa picha, nami ninao mshipa kama ule wa mama, na hesabu ni ile ile. Kesho naingia kupasuliwa. Sikuitisha kikao, karatasi ya ridhaa nimeitia sahihi mwenyewe, na Jabiri nimemwambia akupe barua hii nikishaingia. Naogopa, sikufichi. Jana nimelia jikoni mpaka wali ukaungua.

Nakuomba moja tu. Nikiwa katika wale kumi, usisimame mbele ya watu ukasema ningekuuliza ningekuwa hai. Wewe ulikosea hata miaka ile miwili mama alipokuwa mzima. Mie nimepatia, hata nikifa.

Mpe wifi salamu zangu, uwabusu watoto, na uniombee.

Mdogo wako,
Nusaiba