Mzizi Mzima kwa Sakiusa

Kadavu, Fiji
4 Juni 1998

Mpendwa mpwa wangu Isikeli,

Hujambo huko Lautoka? Mke na watoto wazima? Kiwanda cha sukari hakijakukausha? Sisi huku tu wazima, ila goti langu hulalamika kila mvua ikinyesha, na mwaka huu mvua haina adabu.

Watu wengi hukosea hapa: hudhani kava, mzizi wetu huu wa kusaga na kukoroga kwa maji, ni kinywaji tu. Nawe, mtoto wa humu humu, umekosea vivyo hivyo. Baada ya kukosa maziko ya mama yako, dada yangu Litiana, ulimtumia kaka yako Sakiusa pakiti ya kava iliyosagwa kwa posta, na kikaratasi cha kuomba radhi.

Nilitaka kujua kwa nini hakuikoroga, nikamwuliza.

"Mjomba, kwani mimi chapati, niletewe unga?" akanijibu. "Nani kaushika mzizi mbele yangu? Nani kapiga magoti?"

Wanawake jikoni wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Nimelifikiria sana jibu hilo. Kava iliyosagwa hunyweka vizuri. Hata mimi nainywa. Lakini mzizi mzima huonyesha miaka uliyokaa ardhini. Huletwa kwa mikono, huwekwa mkekani, na aliyekosewa ana hiari ya kuugusa au kuuacha. Hiari hiyo posta haiwezi kumpa.

Jambo moja lanishangaza. Pakiti yako hajaitupa wala hajamkorogea mgeni, naye si mchoyo wa kava. Paa likivuja, huihamishia mahali pakavu. Nimeona mara tatu kwa macho yangu. Je, aliyekata undugu hufanya hivyo?

Jumamosi ya wiki ijayo ni usiku wa mia moja tangu mama yenu alazwe. Siku hiyo tunafunga matanga, na atakayekuwa nje atabaki nje. Njoo na meli ya Jumanne kutoka Suva. Utaketi karibu na mlango, kichwa chini, kimya. Maneno nitasema mimi. Sakiusa akiugusa mzizi uliomletea, tutapiga makofi, mambo yamekwisha.

Mkaza mjomba wako Salote anakusalimu, na dada yako Vasiti anauliza kama bado unakoroma. Mungu aitulize bahari mbele yako.

Leo hii uisomapo barua hii, kabla soko la Lautoka halijafungwa, nunua mzizi mzima wa kava.

Mjomba wako akupendaye,
Inoke