Sifuri Sita za Shamba la Mulwa

Makindu,
Jumapili, tarehe 2 Machi 2025

Kwa dadangu mpendwa Wavinya,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe, shemeji Kyule na watoto mko salama, na kwamba kile kikohozi cha Nyamai kimeisha. Sisi huku tuko wazima. Mama bado anaumwa na goti, lakini ndengu amezipura mwenyewe na akakataa kusaidiwa. Anauliza kama Pasaka mtakuja au asiwangoje.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Nimekupigia mara tatu wiki hii, na mara zote nikaishia kukuuliza kama mvua imenyesha Kitui. Kuna maneno ambayo hayanitoki nikisikia sauti yako. Nakuomba uisome barua hii hadi mwisho kabla ya kunipigia.

Unajua kwamba mwaka jana kikundi chetu cha wakulima wa maembe kilinichagua kukagua mitego ya nzi wa matunda. Mtego wenyewe ni kopo la plastiki lenye dawa ya kuwavuta nzi, linaloning'inizwa mtini. Kila Jumatano nilitakiwa kupita mashamba kumi na moja, nifungue kila kopo, nihesabu nzi waliokufa ndani na kuandika katika daftari. Nzi wakigunduliwa mapema, mwenye shamba ananyunyiza dawa na kuzika maembe yaliyoanguka, na majirani wanapona. Mnunuzi anayepeleka maembe ng'ambo alikubali kuja kwetu kwa sababu ya daftari hilo. Mwenyekiti wetu, Mzee Musyimi, alikuwa akilibeba mikutanoni pamoja na Biblia yake.

Mwishoni mwa Januari, siku ya kupakia, mkaguzi wa mnunuzi alipasua embe moja akakuta funza weupe. Akapasua la pili, la tatu. Hakugombana na mtu. Alipangusa kisu, akasema maembe yetu hayachukuliwi msimu huu, na lori likaondoka tupu. Kreti za familia zote zilikuwa zimechanganywa pale kwenye kituo cha kukusanyia maembe, kwa hivyo hakuna aliyejua funza wametoka kwa nani.

Tulikutana siku tatu baadaye. Mzee Musyimi alifungua daftari mbele ya wote. Kila shamba lilikuwa na sifuri tangu katikati ya Desemba. Akasema kama nzi hawakuwa mashambani mwetu, basi kuna mtu ameleta maembe ya kwingine akayachanganya na yetu.

Dada, sijawahi kuona watu wakibadilika haraka hivyo. Kanini wa kikundi chetu alianza kutia rangi nyekundu kwenye kreti zake ili zijulikane. Mtu akionekana na mkokoteni jioni, asubuhi anaulizwa alikuwa amebeba nini. Hata mama aliulizwa, tena na mtu tunayeimba naye kwaya, yale maembe aliyokutumia Krismasi aliyatoa wapi. Alirudi nyumbani akakaa jikoni bila kuwasha moto.

Halafu jina la Mzee Kanyi likatajwa. Unajua anavyouza matunda kando ya barabara ya Mombasa, na yake yakiisha hununua kwa watu wa mbali. Alieleza kwamba ya kununua huenda moja kwa moja kibandani, hayafiki kituoni. Lakini mmoja akasema aliona pikapu yake imesimama karibu na kituo. Mwingine akaongeza kwamba ilikuwa imefunikwa turubai. Kufikia Ijumaa, pikapu ilikuwa imeonekana usiku, taa zimezimwa. Amekaa hapa miaka ishirini na mitatu na Kikamba chake kinashinda changu, lakini wiki hiyo nilisikia watu wakimwita yule mtu wa Nyeri.

Mkutano wa pili ulifanyika kanisani baada ya ibada. Mzee Kanyi aliomba alione daftari. Alifungua ukurasa mmoja mmoja, akifuata mistari kwa kidole, kisha akaniita kwa jina.

“Kasiva, wewe ndiye ulikuwa unapita. Mashamba haya yote ulifika?”

Nikasema, “Nilifika, Mzee.”

“Na ilikuwa sifuri?”

“Ilikuwa sifuri.”

Alifunga daftari akaketi. Walimtoa kikundini kwa kuinua mikono. Na mimi niliinua wangu.

Jioni hiyo ndiyo nilikupigia kukuambia kwamba Kanyi ametuharibia, na kwamba binti yake, Gakenia, unayemweka katika chumba chako cha nyuma akisomea uuguzi hapo Kitui, usimwamini sana. Ukaniuliza kama nina hakika. Nikakuambia nina hakika. Baadaye mama akaniambia kwamba redio yako ndogo ilipotea, ukamkumbuka Gakenia na maneno yangu, ukampa siku nne atafute pa kuhamia. Sijui kama redio ilipatikana. Sikuthubutu kuuliza.

Dada, sikufika.

Shamba la Mzee Mulwa liko ng'ambo ya mto mkavu, mwendo wa saa nzima kutoka shamba la mwisho la upande wetu. Jumatano ya kwanza niliyoruka ilikuwa kwa ajili ya mazoezi ya kwaya ya Krismasi. Kwa kuwa wiki zote za nyuma nilikuta sifuri, nikaandika sifuri. Sikuona kama nadanganya, niliona kama nakisia kitu ninachokijua. Wiki iliyofuata jua lilikuwa kali, na kalamu ikawa nyepesi zaidi. Niliandika sifuri sita kwa shamba ambalo sikulikanyaga.

Asubuhi baada ya lori kuondoka tupu nilikwenda huko peke yangu. Kopo lilikuwa limejaa nzi hadi karibu na mdomo, na chini ya miti maembe yameoza yakinuka kama pombe. Mzee Mulwa, ambaye siku hizi macho yake hayaoni mbali, alitoka akaniuliza nimekuta nini. Nikamwambia hakuna kitu. Niliwamwaga wale nzi shimoni nikawafukia kwa mguu. Kwa hivyo Mzee Kanyi aliponiuliza mbele ya kanisa, nilijua.

Huenda ningenyamaza hadi leo. Lakini Mzee Musyimi aliniomba niongee na vijana wa kanisa kuhusu uaminifu katika kazi, nikiwa na daftari mkononi kama mfano. Niliandaa maneno mazuri. Leo asubuhi nilisimama mbele ya vijana kama arobaini, na pale nyuma alikuwa ameketi Mzee Kanyi, kwa sababu kanisani hakuna aliyemfukuza. Sikuyasema yale niliyoandaa. Nilizisoma zile tarehe sita, moja moja, nikasema siku hizo sikwenda. Nikasimulia na habari ya shimo.

Mzee Musyimi alikuja akachukua daftari mkononi mwangu, taratibu. Mchana kamati imemrudisha Mzee Kanyi, ila yeye hajasema kama atarudi. Mitego itakaguliwa na Kanini pamoja na mtu mwingine. Mnunuzi ataandikiwa ukweli, na hakuna anayejua kama ataamini tena daftari lolote litokalo kwetu. Mzee Mulwa aliniuliza jambo moja tu, kama siku ile alipotoka nje niliwaona wale nzi. Mama alinipakulia chakula akatoka nje.

Mzee Kanyi alinikuta penye lango la kanisa nikitoka. Nilianza kumwomba msamaha, akanikatiza.

“Na Kitui umewaambia?”

Nikasema bado. Akavaa kofia yake akaenda.

Kwa hivyo, dada, nakuomba mtafute Gakenia popote alipohamia. Usimwambie kwamba mdogo wako alikosea, kwa maana sikukosea. Mwambie nilidanganya, nikijua. Ukitaka msomee barua hii yote. Kama hatarudi kwako, usimlazimishe. Na mimi ukinikasirikia nitaelewa, ila usiache kumpigia mama.

Nisalimie shemeji na watoto. Waambie mama yao mdogo wa Makindu anawakumbuka. Mungu akulinde na akupe moyo wa kuyapokea haya.

Ni mimi mdogo wako,

Kasiva